Benz 230E liliwaka vizuri Dar, Njombe linagoma asubuhi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983 niliyoachiwa na baba. Gari lilikaa Dar es Salaam miaka yote bila shida, mwezi wa tano nikalileta Njombe ninakofanya kazi. Tangu Juni, asubuhi nalipiga staata mara nne au tano ndipo lishike, na likishika nikiachia pedeli linazima. Dakika tatu nne za mwanzo linakwenda kwa kushtukashtuka. Likishapata moto ni zima kabisa. Hata nikilizima sokoni nusu saa, nikirudi linawaka mara moja. Betri mpya, plagi mpya. Fundi wa hapa alisema linakula mafuta, akazungusha skrubu moja karibu na kichujio cha hewa ili kuyapunguza, na asubuhi zikawa mbaya zaidi. Sasa anashauri tuondoe injekshen yote (mfumo wa kupuliza petroli) tuweke kabureta. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole na baridi. La kwanza nakuomba: kabureta ikatae. Nimeyaona magari mengi ya namna hii yaliyovuliwa injekshen yake kwa sababu ya kitu kinachoweza kukaa kwenye kiganja cha mkono, na sijaona hata moja lililorudi kuvuta kama lilivyovuta siku lilipotoka kiwandani. Alichokuachia baba ni mashine nzuri. Inaumwa kidogo, na wewe mwenyewe umeshaeleza inaumwa wapi.

Rudia maneno yako: ukilizima sokoni nusu saa linawaka mara moja. Hayo yamenipunguzia nusu ya kazi. Katika mfumo huu, petroli inatakiwa ibaki na presha kwenye mirija hata baada ya kuzima injini. Presha ikivuja, injini ya moto huchemsha petroli ndani ya mirija, na ukirudi baada ya nusu saa unakuta mvuke mahali pa mafuta. Utapiga staata hadi uchoke. Lako haliko hivyo. Basi pampu iliyoko nyuma karibu na ekseli, vali yake ya kuzuia mafuta yasirudi, na akyumuleta iliyo jirani yake, kopo linalotunza presha, tuviache kwanza. Moto wa plagi nao uko sawa, kwa kuwa gari likishapata joto halina kasoro. Akitokea mtu wa kukuuzia pampu mpya, mwambie asubiri.

Kinachobaki ni ile sehemu ya mfumo inayofanya kazi injini ikiwa baridi tu. Na hapa ndipo Dar ilipokuwa inaficha ugonjwa.

Petroli haiwaki ikiwa majimaji, inawaka ikiwa mvuke. Angalia kifuniko cha sufuria kikiwa cha baridi: mvuke ukikigusa unageuka matone. Ndivyo inavyokuwa kwenye injini asubuhi. Petroli nyingi inayopulizwa hugandama kwenye kuta za baridi za njia ya hewa na za silinda, na kinachofika kwenye plagi kikiwa mvuke hakitoshi. Kwa hiyo injini baridi lazima ipewe mafuta ya ziada, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo ziada inavyotakiwa kuwa kubwa. Dar alfajiri injini imelala kwenye nyuzi 20 hivi au zaidi, inahitaji ziada kidogo sana. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ya Juni na Julai iko chini ya nyuzi 10. Vifaa vya kuongeza mafuta vilivyokuwa vimekufa au vimechoka kwa miaka mingi vilipita Dar bila mtu kugundua, kwa sababu hapakuwa na siku vilipohitajika kweli. Safari hujaliharibu gari. Limefika tu mahali linapoulizwa swali ambalo halijaulizwa kwa miaka.

Sasa tuujue mfumo wenyewe, maana mafundi wengi vijana hawajaukuta shuleni wala gereji. Unaitwa K-Jetronic, wa kampuni ya Bosch ya Ujerumani, na ulianza kutumika mwaka 1973 kwenye Porsche 911. Herufi K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya "mfululizo", kwa sababu injekta zake (vipuliza petroli) hazifunguki na kufunga kama za magari ya leo. Zinapuliza muda wote injini ikiwa hai. Hakuna kompyuta. Hewa inayoingia inasukuma sahani ya chuma iliyoko chini ya kichujio cha hewa. Sahani inasukuma mkono, mkono unanyanyua kijiti chembamba ndani ya kile kipande cha chuma chenye mirija iliyotawanyika kama miguu ya buibui, nacho ndicho kinachogawa petroli kwa silinda zote nne; nitakiita mgawanyo wa petroli. Juu ya kijiti kuna petroli nyingine inayokikandamiza kisipande ovyo. Hiyo naiita presha ya kudhibiti. Ikiwa ndogo, kijiti kinapanda kwa urahisi na injini inapata mafuta mengi. Ikiwa kubwa, kijiti kinabanwa na injini inapata machache. Shika hilo, tutalirudia.

Malalamiko yako ni mawili, na usiyachanganye. La kwanza ni kwamba gari halishiki mpaka staata ya nne au ya tano. La pili ni kwamba likishika linazima, na linashtuka dakika za mwanzo. Kila moja lina kifaa chake. Inawezekana vyote vimechoka, lakini vinapimwa kimoja kimoja.

Tuanze na la kushika. Gari lako lina silinda nne lakini lina injekta tano. Ya tano haiko pamoja na zenzake. Imefungwa kwenye njia kuu ya hewa, ina plagi ya umeme ya nyaya mbili, na inapuliza wakati staata inazungusha tu, tena injini ikiwa baridi tu. Anayeiambia iache ni swichi ndogo iliyozama kwenye maji ya injini, ambayo ndani yake kuna ulimi wa metali mbili na waya wa kuupasha joto. Swichi nyingi za aina hii huiruhusu injekta ipulize sekunde nane kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, na injini ikipita nyuzi 35 haziruhusu kabisa. Kwa asubuhi za Njombe tarajia sekunde tatu au nne hivi. Kwa Dar labda moja au mbili. Ndiyo maana injekta ya tano inaweza kufa Dar na gari likaendelea kuwaka.

Kuna jambo hapa ambalo watu wa milimani huwa hawalijui. Injekta ya tano inapata umeme kutoka waya wa staata. Ukiliachia gari literemke mlimani ukaingiza gia ya pili, au vijana wakilisukuma, staata haijazunguka, kwa hiyo injekta ya tano haijapuliza hata tone. Asubuhi ya baridi, kulisukuma gari hili ni kulinyima kitu chenyewe linachokililia. Na kukanyaga pedeli mara nyingi kabla ya kuwasha, kama ilivyo desturi ya kabureta, hakusaidii kitu: hapa pedeli inafungua hewa tu, haina pampu ya kurusha petroli.

Kuipima unahitaji asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima. Sogeza gari nje mahali pa wazi siku iliyotangulia. Awepo mtu wa pili, awepo na mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga, sigara isikaribie. Chomoa waya mnene wa koili pale unapoingia katikati ya distribyuta, uubane imara kwenye chuma cha injini. Usiuache uning'inie, moto wa gari hili ni mkali, unaumiza na unaweza kuua kifaa cha moto wa plagi. Fungua boliti mbili za injekta ya tano uichomoe, mrija wa petroli na plagi yake ya umeme vikiwa bado vimeungwa. Ielekeze kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mwambie mwenzako apige staata.

Kama ni nzima utaona kitu kizuri: ukungu mwembamba unaotoka ukiwa umetanuka kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa, unajaza chupa kwa sekunde chache, kisha unakatika wenyewe staata ikiwa bado inazunguka. Ifute mdomo kwa kitambaa uitazame dakika moja. Isidondoshe. Ikidondosha, ina ugonjwa mwingine wa kumwaga mafuta injini ikiwa moto, nayo ibadilishwe.

Kama haipulizi kabisa, usikimbilie kuinunua. Chomoa plagi yake ya umeme, weka taa ya kupimia kwenye zile tundu mbili, piga staata tena injini ikiwa baridi. Taa ikiwaka sekunde chache ikazima, umeme na swichi viko sawa, injekta ndiyo imeganda. Taa isipowaka, tatizo ni swichi au waya. Kujua ni kipi, unganisha upande mmoja wa taa kwenye chuma cha gari na mwingine kwenye kila tundu kwa zamu wakati wa staata: ukipata umeme kwenye moja, waya wa kuleta uko hai, na anayekosa kazi yake ni swichi au njia ya kwenda kwenye swichi.

Nakumbuka gari kama lako lililoletwa kwangu kutoka ukanda wa chai, wa baridi kama wenu. Lilikuwa limeshabadilishiwa plagi, koili, pampu na kichujio cha petroli, na mwenyewe alikuwa amekata tamaa, anatafuta mnunuzi. Nilipochomoa plagi ya swichi hiyo ya kwenye maji, miguu yake ya shaba ilikuwa imeota ule ukungu wa kijani, kama sarafu ya zamani iliyookotwa kisimani. Maji ya rejeta yalikuwa yakivujia hapo taratibu. Msasa laini, dakika tano, nikabana mpira wa maji uliokuwa umelegea. Asubuhi yake likawaka kwa mzunguko mmoja na nusu. Yule mzee alikaa ndani ya gari muda mrefu bila kulizima. Ninaposema tuanze na vitu vidogo, nina uso wake mbele yangu.

Tuje kwenye lalamiko la pili. Kuna vifaa viwili na kasoro moja vinavyoweza kulileta.

Kasoro ni hewa ya wizi, nami ningeitafuta kabla ya vyote. Mfumo huu unapima hewa kwa ile sahani. Hewa yoyote inayoingilia nyuma ya sahani haikupimwa, kwa hiyo haikupewa petroli yake. Injini ya moto inaweza kuivumilia, ya baridi haivumilii. Mpira mkubwa ulioko chini ya sahani una zaidi ya miaka arobaini sasa, kama haujawahi kubadilishwa. Unapasuka kwenye mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki, na gari likikohoa kwa kurudisha moto juu, mpira huo unaweza hata kuchomoka. Pitisha vidole kwenye mikunjo yake yote. Kagua mirija yote midogo ya hewa, na raba za injekta nne, ambazo zikikauka huwa ngumu kama ganda la nazi.

Kipimo chake cha haraka hiki hapa. Gari likiwa limewaka na kutulia, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye injini hii moshi wa ndani hurudishwa kwenye njia ya hewa, kwa hiyo kukifungua ni kuingiza hewa ya wizi kwa makusudi. Injini nzima hubadilika mara moja: inatetemeka, inashuka, pengine inataka kuzima. Yako isiposhtuka, shuku kwamba hewa ya wizi imeshaingia nyingi kwa njia nyingine. Kisha pulizia maji kwa chupa ya bomba, kidogo kidogo, kwenye maungio na chini ya injekta. Mlio ukibadilika, umepafika. Usitumie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kutafuta tundu kwenye injini inayonguruma. Mafundi wanafanya, na nimeona boneti zilizoungua.

Kifaa cha kwanza ni vali ya hewa ya ziada. Ni kijidude chenye mirija miwili minene ya mpira na plagi ya umeme, na kazi yake ni kuipa injini baridi hewa zaidi ili isizime ukiachia pedeli. Sahani inaiona hewa hiyo, inaongeza petroli, injini inazunguka haraka kidogo mpaka ipate joto. Ikiganda ikiwa imefunga, unapata hasa unachokieleza: ukiachia, inazima. Asubuhi likiwa limewaka, mwenzako akiwa ameshikilia pedeli kidogo, bana mrija wake kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mzunguko ushuke sana. Usiposhuka hata kidogo, vali haipitishi kitu. Ichomoe, mulika tochi ndani: ikiwa baridi utaona uwazi kama mwezi mchanga. Ukiona giza tupu, imeganda kwa oili na masizi. Hii mara nyingi inapona kwa kuoshwa. Ijaze dawa ya kusafishia kabureta ikiwa mezani, iache ilowe, mwaga, rudia. Kisha ipe umeme wa betri uone ule mwezi ukifunga taratibu ndani ya dakika chache. Isipofunga, gari litakuja kuzunguka haraka likiwa moto.

Kifaa cha pili ndicho ninachokishuku zaidi kwa kule kushtukashtuka: regyuleta ya kupasha injini. Utaijua kwa kufuata mrija mwembamba unaotoka juu ya ule mgawanyo wa petroli. Mrija unaishia kwenye kijisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye injini, chenye mirija miwili ya petroli na plagi ya umeme. Hiki ndicho kinachoamua ile presha ya kudhibiti niliyokuomba uishike. Asubuhi inatakiwa iwe ndogo ili mafuta yawe mengi. Ndani ya dakika chache ulimi wake unapata joto, presha inapanda, mafuta yanarudi kwenye kiwango. Kwa kuwa gari lako likipata moto linakuwa zima, yaelekea waya wake wa kupasha joto unafanya kazi. Swali ni presha inaanzia wapi asubuhi.

Hapa hakuna njia ya mkato, inahitajika geji ya presha ya petroli yenye maungio ya mfumo huu na vali ya kufungia. Kama Njombe haipo, iulizie Iringa au Mbeya kwa mafundi wazee wa Benz, au nunua yako. Presha kuu ya mfumo iwe bar (kipimo cha presha) 5 na kitu. Presha ya kudhibiti, injini ikiwa moto, iwe karibu bar 3.5. Ikiwa baridi kwenye asubuhi kama zenu, nataka kuona kitu cha kati ya bar 1 na 2. Ukikuta geji inasoma 3 asubuhi gari likiwa baridi, umempata mwizi wa usingizi wako. Kila regyuleta ina namba iliyogongwa ubavuni, inaanza na 0 438 140, na kila namba ina vipimo vyake vya presha kwa kila joto. Soma namba yako kwanza, tafuta jedwali lake, ndipo uhukumu. Ukinunua nyingine, namba ifanane. Regyuleta ya Volvo au ya Golf itafunga na itapitisha mafuta, lakini haitakuwa na akili ya injini yako.

Mara nyingi kinachoipandisha presha ni uchafu. Ndani ya regyuleta kuna kichujio cha wavu mdogo kuliko ukucha, na kutu ya tanki ikikiziba, petroli inakosa pa kutokea na presha inabaki juu. Gari lililokaa muda mrefu bila kutembea, tanki likiwa nusu, hukusanya maji na kutu. Kwa hiyo fungua kichujio kikubwa cha petroli nyuma, mimina kilichomo kwenye chupa nyeupe uache itulie. Ukiona vumbi jekundu chini, anza na tanki, vinginevyo utasafisha regyuleta mwezi huu na kuirudia mwezi ujao. Petroli yenyewe nunua kituo chenye wateja wengi. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni nzito kugeuka mvuke, na asubuhi ndipo inapojionyesha.

Mtu asikuambie regyuleta inarekebishwa kwa kugongwa nyundo kwenye kile kizibo chake. Wapo wanaoijua kazi hiyo, wanaifanya geji ikiwa imefungwa, wanagonga kidogo mara moja kisha wanasoma. Asiye na geji anaiharibu tu.

Wakati gari liko baridi na linashtuka, unaweza kujihakikishia bila geji kwamba shida ni upungufu wa mafuta. Vua kichujio cha hewa, mwenzako alishikilie lisizime, wewe weka kidole juu ya sahani uikandamize chini kidogo sana, kama unavyobonyeza embe kujua limeiva. Injini ikitulia na kuongeza nguvu, ilikuwa na njaa. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, mafuta yalikuwa yanatosha, na tumekosea njia. Injini ikiwa imezimwa usiichezee sahani huku pampu imewashwa. Utamwaga petroli kwenye silinda.

Nimeiacha skrubu ya fundi wako kwa makusudi, maana haiguswi mpaka haya yote yaishe. Ipo kati ya sahani na ule mgawanyo wa petroli, inageuzwa kwa spana ya Allen ya milimita 3, na inapanga mchanganyiko wa hewa na petroli kwa hali zote, baridi na moto. Fundi hakudanganya aliposema linakula mafuta. Juu milimani hewa ni nyepesi, na sahani haijui uzito wa hewa kwa ukamilifu, kwa hiyo mfumo huu hutoa petroli nyingi kidogo kuliko inavyohitajika. Lililopangwa usawa wa bahari likapandishwa Njombe litanuka petroli kidogo. Lakini kile kidogo kilichozidi ndicho kilichokuwa kinakusaidia asubuhi, badala ya vifaa vilivyokufa. Alipokipunguza, akaliondolea gari mkongojo kabla ya kutibu mguu.

Mwulize aligeuza kiasi gani na upande upi. Akikumbuka, arudishe hapo hapo, kisha asiiguse tena. Asipokumbuka, iacheni ilivyo mpaka injekta ya tano ipulize, vali ya hewa ifunguke, hewa ya wizi iishe na presha ya asubuhi isomwe. Baada ya hapo lipelekeni penye mashine ya kupima moshi, injini ikiwa moto kabisa, mpange kaboni monoksidi karibu asilimia 1 gari likiwa limetulia. Skrubu hii inasikia hata robo ya robo ya mzunguko: geuza, ondoa spana, kanyaga pedeli kidogo mara moja, acha litulie, ndipo usome. Spana ikibaki ndani inaizuia sahani na namba utakayoisoma ni ya uongo.

Wakati unasubiri geji, kila asubuhi zima taa na feni, usiguse pedeli, piga staata sekunde tano au sita mfululizo. Lisiposhika, pumzika dakika moja, kisha jaribu tena ukiwa umekanyaga pedeli robo. Kupiga sekunde ishirini kwa pamoja hakuna faida, kwa sababu swichi imeshaifunga injekta ya tano zamani na unamaliza betri. Likishika, lishikilie taratibu mpaka litulie. Na kabla hujanunua kitu chochote, fanya kile kipimo cha chupa kesho alfajiri, uniandikie ulichokiona: injekta imepuliza sekunde ngapi, au imekaa kimya.